Fundi wa Miti na Zana Zake
Wakimbizi wa Rwanda walipofurika Benaco, wilayani Ngara, mwezi wa Aprili 1994, misitu ya jirani ilikatwa mno kwa kuni. Kwa hiyo fundi wa miti wa leo, awe wa Ngara au Biharamulo, na azingatie kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002, msitu wa hifadhi haukatwi bila ya kibali.

Amma zana, mwenye rasilmali haba asihadaike na ukubwa wa injini: bora chenso ya wastani ambayo mnyororo na plagi zake hupatikana karibu. Tupa isikosekane, kwani mnyororo mkali hutoa chembe nene, ilhali ulio butu hutoa vumbi laini na kumchosha fundi. Kofia ngumu na buti, kwa rai yangu, zinunuliwe siku ile ile ya kununua msumeno.