Kuishi ndani ya boti ya tanga: maji tele nje, maji ya kuhesabu ndani

Ukivuka daraja la Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya Mombasa na Malindi, tazama chini majini. Kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, utaona boti za milingoti mirefu zimetulia mbali na ufukwe. Hazivui samaki na hazibebi abiria. Ni nyumba za watu. Wengi wao ni mume na mke waliostaafu, wengine wana watoto, na wamefika hapo kwa nguvu ya upepo kutoka Ulaya, Afrika Kusini au Australia. Boti za namna hiyo hutia nanga pia Tanga, Unguja na ghuba ya Msasani, Dar es Salaam.

Kwa msikilizaji wetu wa Bugarama au Kakola, picha inayokuja haraka ni ya tajiri aliyejilaza kivulini na kinywaji baridi. Kinywaji kipo, siku nyingine. Lakini maisha ya humo yanakaribiana zaidi na ya kaya isiyo na bomba wala umeme wa gridi kuliko ya hotelini.

Tuanze na maji. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria akiishiwa, huchota ziwani, akachemsha, akanywa. Baharini haiwezekani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35, na ili figo ziitoe chumvi hiyo zinahitaji maji mengi kuliko yale uliyokunywa. Kwa hiyo anayekunywa maji ya bahari anazidi kukauka. Hata kuyachemsha hakusaidii, chumvi inabaki sufuriani.

Boti ya mita 12 inaweza kubeba lita 300 hivi, sawa na madumu 15. Watu wawili wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, tangi limekauka siku ya tatu. Kwa hiyo vyombo huoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe cha maji baridi yasiyo na chumvi. Kuoga ni kujitosa baharini, kisha kujimwagia lita mbili. Kwa mtindo huo lita 10 zinawatosha wote wawili kutwa, na tangi linafika mwezi. Mvua ikinyesha hutandaza turubai na kukinga, kama sisi tunavyokinga kwenye bati. Zipo mashine za kuchuja chumvi, ila zinakula umeme.

Na umeme wenyewe ni wa sola na betri. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa muda wa saa tano inatoa kama nusu uniti. Friji ndogo ya wati 50, ikifanya kazi nusu ya siku, inakula zaidi ya hiyo nusu uniti. Taa ya wati 5 ikiwaka saa tano kila usiku haifikii hata sehemu ya ishirini ya friji hiyo. Mwenye sola nyumbani anayetaka kununua friji aifanye hesabu hii kabla ya kwenda dukani.

Sokoni huenda kwa kidau cha mpira, na hurudi na nyanya, mayai na madumu.

Kwa nini wakae Kilifi au Tanga miezi mingi hivyo? Sababu kubwa ni vimbunga. Kuanzia Novemba hadi Aprili vimbunga huzaliwa kusini mwa Bahari ya Hindi na kupiga Madagaska na Msumbiji. Karibu na ikweta ni nadra, kwa kuwa huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayozungusha upepo ni ndogo mno. Nadra si kamwe: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia.

Kinachowanyima usingizi hasa ni nanga. Wengi hudhani inashika kwa uzito wake. Nanga hufanya kazi kama jembe. Ukilivuta likiwa limelala, linazama udongoni. Ukilinyanyua juu, linatoka. Ndiyo maana mnyororo lazima uwe mrefu ulale chini, kama mara tano ya kina cha maji.

Hapa ndipo mtu aliyezoea ziwa anapoweza kukosea. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti hufika karibu mita nne. Mtu akitia nanga maji yamekupwa, kina mita 4, akatoa mnyororo wa mita 20, hesabu yake ni sawa. Baada ya saa sita maji yamejaa, kina ni mita 8, na mnyororo uleule ni mara mbili na nusu tu. Upepo ukiongezeka, unaivuta nanga kwenda juu. Alipaswa kutoa mita 40 tangu mwanzo.

Siku hizi simu zina programu ya kupiga kengele boti ikihama. Mabaharia wengi bado hutumia na njia ya zamani: kabla ya kulala huchagua taa mbili za nchi kavu, moja nyuma ya nyingine. Saa nane za usiku mmoja huamka kuzitazama. Boti huyumba, hivyo taa zikisogea kidogo na kurudi hakuna neno. Zikiachana na kuendelea kuachana, nanga inaburuta, na hapo mtu hasubiri kuvaa shati: anamwamsha mwenzake na kuwasha injini.