Kokeini haina methadoni yake

Mraibu wa heroini wa Dar es Salaam au Mombasa anayetaka kuacha ana pa kuanzia: foleni ya asubuhi kwenye kliniki ya methadoni, dozi yake, ainywe mbele ya mhudumu, na kesho tena. Muhimbili ilianza kutoa huduma hiyo mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Mraibu wa kokeini hana dozi ya namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 40 watafiti wamejaribu dawa za sonona, za kifafa, za ugonjwa wa Parkinson, hata disulfiramu wanayopewa walevi, na mpaka leo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha hata moja kwa ajili ya uraibu huu. Wengi huhitimisha kwamba kokeini haitibiki, nami naona wanakosea. Vidonge hivyo vingi vilipimwa kana kwamba kimoja kingebeba mzigo wote peke yake, ilhali ushahidi uliokwisha kukusanywa unaonyesha mzigo wenyewe una sehemu tatu, na kila sehemu ina wakati wake.

Tuanze na ubongo. Kokeini huziba mlango ambao seli za neva hutumia kuirudisha dopamini ndani baada ya kuiachia, hivyo dopamini hurundikana nje na raha huja ndani ya dakika chache. Faida za kuacha haziji hivyo. Afya, kazi, imani ya mke na ndugu, vyote hurudi taratibu, na vingine havirudi. Kwa hiyo mraibu hupima raha ya sasa hivi dhidi ya maisha bora ya mwakani, na mwakani ni mbali. Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, aliugeuza mzani huo mwanzoni mwa miaka ya 1990: aliisogeza faida ya kuacha mpaka leo.

Mpango wake unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu nguvu yake imo katika hesabu. Mgonjwa alipimwa mkojo mara tatu kwa wiki, maana mabaki ya kokeini hukaa mwilini siku mbili tatu na ukipima mara moja kwa wiki mtu atakupiga chenga. Mkojo safi wa kwanza ulimpatia vocha ya dola 2.50. Uliofuata uliongezewa dola 1.25, na kila uliofuata hivyo hivyo, na kila safi tatu mfululizo zilileta bonasi ya dola 10. Akiteleza, thamani ilirudi kwenye dola 2.50. Aliyepita wiki 12 bila doa alifikisha dola 997.50, na mkojo wake wa mwisho ulikuwa na thamani ya dola 46.25, kwa hiyo kila siku aliyokaa safi ilimwongezea cha kupoteza. Fedha taslimu hakupewa. Wahudumu ndio waliomnunulia alichochagua, mradi kiendane na maisha mapya: leseni ya kuvua samaki, vifaa vya baiskeli, ada ya masomo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wote walipata unasihi uleule, lakini asilimia 75 ya waliopewa vocha walimaliza wiki 24 za matibabu, na wasiopewa ni asilimia 40.

Wapo wanaosema hii ni hongo: kwa nini mtu alipwe kwa kutovunja sheria? Kama ingekuwa kuneemesha watu tu, yeyote aliyepewa vocha angepona. Higgins alilipima hilo. Kundi moja lilipata vocha kwa mkojo safi, jingine likapata vocha hata mkojo ukiwa mchafu. Kundi la kwanza ndilo lililokaa safi zaidi, wakati wa matibabu na hata mwaka mmoja baada ya vocha kwisha. Kinachotibu ni ule uhusiano wa tendo na tuzo, na hofu kwamba fedha zitarudi kwenye kokeini haina pa kushika pale ambapo hakuna fedha mkononi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: vocha zikiisha, wengi huteleza. Ni kweli, na hapa ndipo mazungumzo yanapoingia. Kathleen Carroll wa Yale alionyesha mwaka 1994 kwamba tiba ya utambuzi na tabia, ambamo mgonjwa hujifunza kuvitambua vichochezi vyake na kuvipangia mbinu, huendelea kuzaa matunda hata mwaka mmoja baada ya vikao kwisha. Richard Rawson na wenzake, mwaka 2002, waliipambanisha na vocha kwa watumiaji wa kokeini waliokuwa kwenye methadoni: vocha zilitangulia wakati wa matibabu, mazungumzo yakazifikia baadaye. Moja hununua muda, jingine huutumia, kwani mtu asiyekuja kliniki hafundishwi mbinu yoyote. Uchambuzi wa tafiti 50 uliochapishwa mwaka 2018 uliuweka muungano wa vocha na unasihi wa kumjengea mgonjwa maisha mapya juu ya tiba nyingine zote za kisaikolojia zilizolinganishwa.

Na kidonge? Joy Schmitz na wenzake wa Houston walijaribu levodopa, dawa ya Parkinson, pamoja na aina tofauti za unasihi. Matokeo ya mwaka 2008 yalikuwa wazi: faida yake ilionekana pale tu ilipoambatana na vocha. James Poling na wenzake walikuwa wameona jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2006 kwa bupropioni. Tafiti hizi si nyingi wala si kubwa, na sitamshauri daktari aandike levodopa kesho. Lakini zinatia shaka orodha ndefu ya dawa zilizotupwa baada ya kujaribiwa bila vocha.

Gharama nayo haikwepeki. Nancy Petry wa Connecticut aliipunguza kwa bakuli la karatasi 500: kila mkojo safi unampa mgonjwa nafasi ya kuchota, karibu nusu ya karatasi zina pongezi tupu, na moja tu ina zawadi ya dola 100. Kubana kupita kiasi, hata hivyo, kunaua dawa yenyewe, kwa sababu vocha kubwa zimethibitika kufanya kazi kuliko ndogo. California, iliyoanza kulipia mpango huu kwa bima ya umma mwaka 2023, iliweka ukomo wa dola 599 kwa mwaka, pungufu ya kile ambacho Vermont ilitoa kwa wiki 12 miaka 30 hivi kabla yake, wakati dola ilikuwa na nguvu zaidi. Hakuna utafiti uliowaambia 599 ndiyo dozi. Sababu ilikuwa kodi: wakati huo, kuanzia dola 600 malipo yangelazimika kuripotiwa kwa watu wa kodi.