Mkopo Mzuri Huwahi Msimu

Mkulima wa korosho akiulizwa kama ameridhika na mkopo, watu hutazamia azungumzie riba. Mimi, mkulima wa Newala mkoani Mtwara, naanza na kalenda.

Mikorosho yetu huchanua katikati ya mwaka, na ugonjwa wa ubwiriunga huyavamia maua hayo hayo. Hata salfa ya kuuzuia ikitolewa kwa ruzuku, palizi, petroli ya mashine ya kupulizia na vibarua vinataka fedha taslimu. Niliwahi kuomba mkopo kwa shughuli hizo. Karatasi zilizunguka mpaka maua yakanyauka, na fedha zilipotoka nikaambiwa marejesho yaanze mwezi unaofuata. Nirejeshe kwa kipi, wakati mavuno yanaanza Oktoba?

Kangomba, yaani kuuza korosho kabla ya mavuno, inastawi katika pengo hilo kati ya mahitaji na mavuno. Mwenye fedha anakuja Machi, chakula kimekwisha ndani na mgonjwa amelala. Anakupa shilingi 100,000, nawe unamwahidi kilo 100 za korosho. Tuseme msimuni kilo inauzwa shilingi 2,000: umempa mali ya shilingi 200,000. Biashara hii imepigwa marufuku, na kila mmoja wetu anajua inavyonyonya. Lakini fedha zake zinapatikana jioni ile ile, bila hati ya shamba.

Riba ya benki imeshuka kweli. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza nafuu kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, kisha CRDB na NMB zikashusha hadi asilimia 9 kwa mwaka. Ukikopa laki tano kwa kiwango hicho na kulipa yote baada ya miezi minane, riba ni shilingi 30,000. Mkulima wa korosho anaimudu.

Dhamana nayo ipo. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho za Mtwara zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani: chama cha msingi cha ushirika kinakusanya, mnada unapigwa, na deni linaweza kukatwa kabla malipo hayajamfikia mkulima.

Basi tunachotaka kinawezekana. Maombi yapokelewe Februari, fedha zitoke kabla ya Mei, marejesho yawe mara moja baada ya mnada, na makato yote yaandikwe kwenye karatasi ambayo mama yangu anaweza kuisoma mwenyewe. Benki itakayofanya hivyo haitahitaji kutuuliza kama tumeridhika; itaona tunavyorejesha.