Dar–Mwanza: Saa Moja na Nusu ya Nani?

Mchumba wako akikwambia amepata kazi Mwanza, swali la kwanza ni lile lile: "Kwani ni mbali?" Na jibu lile lile: "Aah, ndege saa moja na nusu tu!" Mimi ofisi yangu iko Dar, mume wangu anafanya kazi Mwanza, na huu ni mwaka wa tatu. Naomba leo tulijadili hilo "tu".

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya 1,100. Jeti ikishatulia juu inakwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, sasa mbona si saa moja? Kwa sababu muda wa kwenye tiketi huanza ndege inaposogea kutoka ilipoegeshwa, na huisha inaposimama upande wa pili. Humo mna kujikokota hadi njia ya kurukia, kupanda na kushuka. Ukipangiwa ndege ya pangaboi, ongeza, maana haina mbio za jeti. Ikitua kwanza Kilimanjaro, ongeza tena. Uliza kabla hujalipa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mapenzi. Ijumaa natoka ofisini Mikocheni saa 9 alasiri. Foleni ya kwenda uwanjani, hata baada ya daraja la Mfugale pale Tazara kufunguliwa 2018, naipa saa moja na nusu. Kuwahi, kukaguliwa na kusubiri, karibu saa mbili. Ndege, saa moja na nusu. Mzigo na teksi, saa moja. Namgongea mlango saa 3 usiku, nikiwa hoi, chakula kimepoa. Ni saa sita hizo! Kurudi Jumapili kuna nafuu, kwani uwanja wa Mwanza uko kama kilomita 10 tu kutoka mjini, lakini ukishapiga pasi nguo za Jumatatu, siku imekwisha.

Ugomvi wetu mkubwa ulitoka hapo. Yeye alikuwa anahesabu ndege, mimi nahesabu mlango hadi mlango. Kwake, kukosa wikiendi moja ilikuwa kukataa "safari ya saa moja na nusu". Tuliacha kununiana siku tulipoandika saa zote kwenye karatasi moja, za kwangu na za kwake. Tukakubaliana: safari moja kwa mwezi, siku tatu badala ya mbili, na zamu kwa zamu. Jumatatu moja ya likizo, jamani, ina thamani kuliko wikiendi mbili za mbio mbio!

Mkataba wake unaisha mwezi ujao, na mwajiri anataka kumwongezea miaka miwili. Anasubiri jibu kabla ya tarehe 15. Wikiendi hii zamu ni yake kuja, na karatasi za mkataba anakuja nazo kwenye begi, bado hazijasainiwa.