Kuunganisha Pingili za Mgongo



Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za upasuaji mmoja ambao siku hizi husikika hata vijijini, nao ni ule wa kuunganisha pingili za mgongo. Mtu ameumwa kiuno mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Amekandwa, amechuliwa, amemeza vidonge, wala usingizi hapati. Mwisho huambiwa kwamba wako madaktari wa mifupa wawezao kuzishikanisha pingili mbili kwa vyuma na kwa kipande cha mfupa, hata zikawa mfupa mmoja. Hapo ndugu hukaa baraza, ng'ombe huhesabiwa, pengine na shamba hutajwa. Swali lao ni moja tu: akipasuliwa, atapona? Swali hili limechunguzwa vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, na jibu lake si ndiyo wala si hapana. Lategemea ni kitu gani kilichoharibika katika mgongo huo.

Tuanze na mgongo wenyewe. Kutoka shingoni hata kiunoni zipo pingili 24, zimepangwa mfano wa pingili za muwa: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, na 5 za kiuno. Hizi 5 za chini ndizo nene kupita zote, kwa kuwa huchukua uzito wa kiwiliwili kizima, pamoja na mtungi wa maji, mzigo wa kuni, na mtoto aliyebebwa. Kati ya pingili na pingili kuna mto wa gegedu (hatusemi mto wa maji, twasema ule wa kulalia), ambao hubonyea mtu ainamapo na kurudi hali yake ainukapo. Nyuma ya mito hiyo kuna njia kama mwanzi, na ndani yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni na kwenye kibofu cha mkojo.

Mto huo huchakaa kwa umri kama soli ya kiatu, lakini kuchakaa ni jambo moja na kuumwa ni jambo la pili. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya picha za migongo ya watu wasioumwa kabisa, wakaona kwamba katika watu wa miaka 20, 37 katika kila 100 wana mito iliyochakaa; na katika wazee wa miaka 80, 96 katika kila 100. Basi daktari akiishika picha na kusema, "Mto huu umechakaa," amesema kweli. Lakini bado hajathibitisha kwamba hapo ndipo maumivu yatokapo.

Upasuaji huu haukuzaliwa kwa ajili ya kiuno kinachouma. Ulizaliwa kwa ajili ya kifua kikuu cha mifupa. Mwaka 1779 mpasuaji mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika habari za wagonjwa waliopinda mgongo na kupooza miguu, na hata leo ugonjwa huo huitwa kwa jina lake. Pingili huliwa na ugonjwa, huporomoka upande wa mbele, na mtoto aliyekuwa mzima huwa kibiongo. Mwaka 1911, katika mji wa New York, wapasuaji wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walijaribu kuushikilia mgongo wa namna hiyo usiporomoke. Hibbs alitumia vipande vya mfupa wa pingili zenyewe. Albee alikata ufito wa mfupa katika muundi wa mguu wa mgonjwa, akaipasua miiba ya mfupa iliyoko nyuma ya pingili, akaupachika ufito ule katikati. Mfupa ulio hai ukiwekwa juu ya mfupa ulio hai, na vyote vikatulia, huota na kushikana, kama mkono uliovunjika ushikanavyo ndani ya banzi. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii mpaka leo. Skrubu na vyuma vilivyoenea tangu miaka ya 1980 ni banzi tu, tena banzi ya ndani. Mfupa usipoota, chuma hulegea au hukatika siku moja.

Baadaye dawa za kifua kikuu zilipatikana, ya kwanza yenye nguvu ikiwa streptomisini mwaka 1943. Majaribio yaliyofanywa Korea katika miaka ya 1960 yakaonyesha kwamba wagonjwa wengi wa mgongo wa namna ile hupona kwa dawa, hali wakitembea, bila kulazwa miezi mingi na bila kisu. Upasuaji ukabaki kwa wale ambao miguu yao yapooza au mgongo wao wapinda sana.

Lakini ujuzi ulikuwa umekwisha kupatikana, nao ukatafutiwa kazi nyingine. Wapasuaji walifikiri hivi: ikiwa maumivu hutoka katika kiungo kichakavu kinapocheza, basi kiungo hicho kikizuiwa kucheza, maumivu yatakoma. Fikira hii ni nzuri, na kila fundi wa meza inayoyumba angeikubali. Maelfu kwa maelfu ya watu walipasuliwa kwa kuitegemea, na miaka mingi ilipita kabla haijapimwa sawasawa.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo na kueleza maana ya kupima, kwa kuwa wengi hupotea mahali hapa. Tuseme daktari amewapasua watu 100, na mwaka wa pili 60 wasema hawajambo. Je, kisu ndicho kilichowaponya? Huenda, lakini huenda pia wangepata nafuu hata kama wangekaa nyumbani, maana maumivu ya kiuno hupanda na kushuka, na mtu huenda kwa daktari siku yalipopanda. Na je, tukiwalinganisha na watu 100 wasiopasuliwa? Bado haitoshi, kwa sababu daktari huenda alichagua wenye nguvu akawapasua, akawaacha dhaifu. Njia iliyo ya haki ni kupiga kura. Wagonjwa wakubali kwanza kwa hiari yao, kisha kura iseme nani apasuliwe na nani atunzwe kwa njia nyingine, wala daktari asichague, wala mgonjwa. Makundi mawili yakigawanywa hivyo hufanana kwa umri, kwa nguvu na kwa mambo mengine, na tofauti itakayoonekana baadaye twaweza kuihesabia matibabu yenyewe.

Kura ya namna hiyo ilipigwa Uswidi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2001. Wagonjwa walikuwa 294, wote wameumwa kiuno miaka miwili au zaidi. Baada ya miaka miwili, katika waliopasuliwa, 63 katika kila 100 walisema wana nafuu, na katika wasiopasuliwa 29 tu. Waliorudi kazini walikuwa wengi zaidi upande wa waliopasuliwa. Wapasuaji walifurahi, na haki yao. Lakini tusome mpaka mwisho. Maumivu yalipungua sana katika miezi 6 ya kwanza, kisha yakaanza kurudi kidogo kidogo. Na 17 katika kila 100 waliopasuliwa walipatwa na madhara ya upasuaji. Tena wale wasiopasuliwa walipewa matunzo yaliyofanana na yale waliyokwisha kuyatumia miaka yote bila faida. Ni kama kushindanisha jembe jipya na jembe butu.

Wanorwe wakaliona jambo hilo. Katika uchunguzi wao wa mwaka 2003, wagonjwa 64 walipigiwa kura, lakini wale wasiopasuliwa hawakuachwa vivi hivi. Daktari aliwafundisha jinsi mgongo ulivyo, akawaambia kwamba kuinama na kufanya kazi za kila siku hakutauvunja. Kisha wakafanya mazoezi ya mwili mara tatu kwa siku, muda wa wiki tatu. Mwaka ulipokwisha, mchunguzi aliwahesabu waliofaulu: katika waliopasuliwa 70 katika kila 100, na katika waliofanya mazoezi 76. Yaani hapakuwa na tofauti ya kutajwa.

Waingereza nao walitoa uchunguzi wao mwaka 2005, wenye wagonjwa 349. Walitumia hesabu ya taabu, ambayo 0 ni mtu asiye na taabu na 100 ni mtu asiyeweza hata kuondoka kitandani. Waliopasuliwa walishuka kutoka 46 na nusu hadi 34. Waliofanya mazoezi makali, karibu 45 hadi 36. Upande wa kisu ulishinda kwa hatua ndogo mno. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba watu 48 katika wale 173 wa mazoezi walikwenda kupasuliwa kabla miaka miwili haijaisha, kwa hiyo mazoezi si dawa ya kila mtu. Wagonjwa wa Norwe na Uingereza walipotazamwa tena baada ya miaka kama 11, bado makundi yalikuwa sawa.

Jambo ambalo sisi twaliona kubwa kupita hesabu zote ni hili. Wako watu ambao picha zao zaonyesha pingili zimeshikana vizuri kabisa, na kiuno kingali chauma; na wako wengine ambao pingili zilikataa kushikana, nao wanatembea kwa furaha. Kazi ya fundi yaweza kufaulu, na mgonjwa asifaulu. Kwa hiyo mtu aulizapo, "Je, upasuaji ulifanikiwa?" hana budi kuuliza mara mbili: mara ya kwanza habari za mfupa, na mara ya pili habari za mtu.

Msidhani twaudharau upasuaji huu. Pingili ikivunjika kwa kuanguka mnazini au kwa ajali ya gari, hata mgongo ukakosa kusimama, kuishikanisha huweza kuokoa miguu. Mgongo wa mtoto unaopinda mno upande husaidiwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa watu hao kitu kilichoharibika hujulikana, nacho ndicho kinachotengenezwa.

Wako pia wazee ambao njia ya mishipa ya fahamu imesongwa, hata miguu yao huuma na kufa ganzi wakitembea, wakapata nafuu waketipo au wainamapo. Hawa hufaidika kwa kupanuliwa ile njia. Madaktari wengi walikuwa wakiipanua na kuziunganisha pingili papo hapo, hasa pingili moja ikiwa imeteleza mbele ya nyingine. Lakini uchunguzi wa Uswidi wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 247, ulionyesha kwamba kupanua peke yake kulitosha. Waliounganishwa walilala hospitali siku 7 kwa wastani, na wengine siku 4. Mwaka 2021 Wanorwe walichunguza wagonjwa 267 ambao wote pingili yao imeteleza, wakaona mamoja: waliopata nafuu ya kutosha walikuwa 71 katika kila 100 bila kuunganishwa, na 73 kwa kuunganishwa.

Wagonjwa hawa wote walikuwa watu wa Ulaya, wala hatujui ni wangapi kati yao waliolima kwa jembe la mkono. Mkulima wetu akipasuliwa, mfupa wake wataka miezi 6 hata mwaka kuota imara, na muda huo hawezi kuinua gunia. Nani atalima? Jambo hili liingie katika hesabu ya baraza pamoja na bei ya ng'ombe. Tumbaku nayo huuzuia mfupa kuota. Mvutaji aiache kabla hajaingia hospitali, wala asingoje kuambiwa baadaye. Tena ajue kwamba pingili zilizo jirani na zile zilizounganishwa hubeba kazi ya wenzake, na baada ya miaka zaweza kuanza kuuma zenyewe.

Hapa Afrika ya Mashariki upasuaji wa mgongo hufanywa katika hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Aendaye huko asione haya kumwuliza daktari: Bwana Daktari, ni kitu gani hasa mtakachokitengeneza? Mwajuaje kwamba ndicho kiniumizacho? Je, kuna mazoezi ambayo sijayajaribu? Daktari mwema hakasirishwi na maswali hayo. Na mtu aliyeanza kuumwa kiuno juzi, bila dalili nyingine, asiwaze kisu hata kidogo. Kwa wengi maumivu hayo hupungua katika majuma machache, na aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi, maana kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha mgongo.

Zipo dalili zisizongoja. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kuuzuia mkojo au kuutoa, au akifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikizidi kulegea, apelekwe hospitali siku ile ile, hata ikiwa ni usiku. Na mtoto anayeumwa mgongo, mwenye homa za jioni na kukonda, ambaye mgongo wake umeanza kutoa nundu, apimwe kifua kikuu upesi. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na akizipata kabla pingili hazijaporomoka huweza kupona bila kisu.