Siku Moja katika Mji wa Chartres

Katika safari yangu ya Ufaransa nalipata siku moja isiyo na kazi, nikaazimu kwenda peke yangu kuutazama mji wa Chartres na kanisa lake kuu. Ilikuwa siku ya Ijumaa, wakati wa kiangazi. Nalipanda gari la moshi asubuhi katika stesheni ya Montparnasse mjini Paris, nikaketi karibu na dirisha. Safari ni ya saa moja na kitu, kuelekea kusini-magharibi.

Nchi ile huitwa Beauce, nayo ni uwanda mpana wa mashamba ya ngano, usio na kilima cha kuzuia macho. Basi kabla sijaona nyumba hata moja, naliona minara miwili imesimama juu ya ngano kama milingoti ya jahazi baharini. Hivyo ndivyo wasafiri walivyoliona kanisa hili tangu zamani.

Nilipofika mbele ya mlango mkubwa, nalitambua kwamba minara ile hailingani. Wa kusini ni wa karne ya 12, hauna mapambo mengi, na urefu wake wapata mita 105. Wa kaskazini ulikuwa na kilele cha mbao, kikapigwa na radi mwaka 1506. Ndipo fundi Jehan de Beauce akajenga kilele cha mawe chenye nakshi nyingi, kirefu kuliko mwenzake. Ni kama ndugu wawili waliopishana sana kwa umri, kila mmoja na mavazi ya siku zake.

Kanisa tulionalo leo lilizaliwa katika msiba. Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji, na kanisa la zamani likateketea, isipokuwa upande wa mbele na kanisa la chini ya ardhi. Watu wakalia sana, maana humo mlihifadhiwa kitambaa walichosadiki kuwa vazi la Bikira Maria, zawadi ya mfalme Charles le Chauve ya mwaka 876. Lakini yasimuliwa kwamba siku ya tatu kitambaa kile kilitolewa salama kutoka chini ya ardhi, nao wakaona ni ishara ya kujenga tena. Sehemu kubwa ya kazi ikamalizika kwa muda wa miaka kama 30 tu, na mwaka 1260 kanisa likawekwa wakfu mbele ya mfalme Louis wa Tisa.

Nikaingia. Macho yangu, yaliyozoea jua la nje, hayakuona kitu kwanza. Halafu madirisha yakaanza kuwaka juu yangu moja baada ya jingine, mekundu na ya buluu. Yamo zaidi ya 170, na mengi ni vioo vile vile vya karne ya 13. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga viti aliniona nimesimama muda mrefu shingo imeelekea juu. Kifaransa changu ni kidogo, naye hakutumia maneno mengi. Alinionyesha kwa kidole sehemu ya chini ya madirisha. Kumbe! Chini ya watakatifu na manabii wamechorwa waoka mikate na vikapu vyao, washona viatu, maseremala na waashi, kila mtu katika kazi yake. Zamani ilisemwa kwamba hao ndio waliotoa fedha za vioo. Wataalamu wa leo hubishana juu ya jambo hilo. Walakini picha zao zipo, na mwoka mikate amepewa nuru ile ile apewayo mfalme.

Sakafuni pana duara kubwa la mawe, upana wake mita 13 hivi, na ndani yake njia moja inayopindapinda mpaka katikati, mwendo wa mita 260 hivi. Siku nyingine viti huifunika, lakini siku za Ijumaa wakati wa kiangazi huondolewa. Nalianza kuifuata. Kijana mmoja alikuwa mbele yangu na bibi mmoja nyuma, nasi tulipishana mara nyingi bila kusema neno. Nalikuja peke yangu, lakini saa ile sikujiona mpweke.

Hapo nikafikiri: kioo ni kitu dhaifu, kimewezaje kudumu miaka 800? Jibu ni kwamba watu walikilinda. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, madirisha yalishushwa kipande kwa kipande, yakafichwa. Vita vilipokwisha yakarudishwa. Mwezi wa Agosti 1944 jeshi la Marekani lilishuku kwamba Wajerumani wanaitumia minara kupeleleza, na mizinga ingeweza kulielekea kanisa. Kanali Welborn Griffith, mzaliwa wa Texas, akaenda mwenyewe kulipekua. Hakukuta adui ndani, na kanisa likaokoka. Siku ile ile, tarehe 16, aliuawa katika kijiji cha Lèves, karibu na mji.

Alasiri nalishuka mpaka mto Eure, penye madaraja ya mawe na nyumba za kufulia nguo za zamani, kisha nikaenda kutazama nyumba ya Raymond Isidore, aliyefariki mwaka 1964. Alikuwa mfagiaji wa makaburini. Kwa miaka mingi aliokota vipande vya sahani na vikombe vilivyovunjika, akavipachika ukutani, sakafuni, hata juu ya viti na kitanda. Watu walimcheka na kumpa jina la dhihaka, Picassiette. Leo mji wenyewe ndio unaoitunza nyumba yake, na wageni hulipa kuiona. Miongoni mwa picha alizofanya kwa takataka zile imo sura ya kanisa kuu.

Jioni nikarudi stesheni. Gari lilipoondoka nalitazama nyuma: nyumba zilizama kwanza, na minara ikabaki juu ya ngano muda mrefu. Nikawakumbuka waashi, na wale walioshusha vioo, na kanali yule, na mfagiaji wa makaburini. Wengi wao hatuyajui majina yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mtu mmoja hakulijenga kanisa lile, wala hakulilinda peke yake.