"Lend" na "Borrow": Neno Lililoninyima Chakula cha Mchana

Mpenzi msomaji, usishtuke ukiona maneno ya Kiingereza katika jarida letu la Chama cha Kiswahili. Sijahama chama! Nataka kueleza jinsi ya kuchagua baina ya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana, manake nimegundua kwamba Kiswahili chenyewe kinaweza kutusaidia sana katika kazi hiyo. Lakini kwanza sikiza kisa kilichonipata mwaka jana nikiwa kidato cha pili.

Mama yangu huuza mboga sokoni. Yumo katika kikundi cha akina mama ambao hukutana mara moja kwa mwezi, wakachanga pesa na kukopeshana. Muhula wa pili nilikuwa na deni la pesa za chakula cha mchana hapa shuleni, na Mama akaamua kuomba mkopo wa shilingi 3,000. Bahati mbaya, siku ya mkutano dada yangu mdogo aliamka na homa kali, ikabidi apelekwe zahanati. Mama akaniambia, "Andika barua umpelekee katibu. Andika kwa Kizungu, ionekane ya maana." Nami kwa madaha nikaandika: "I wish to lend three thousand shillings this month." Mama akatia sahihi, mimi nikakimbia nayo.

Kumbe nimeharibu! Barua iliposomwa, akina mama walipiga makofi. Walidhani Mama amejaliwa, anataka kukikopesha kikundi. Pesa za mwezi huo wakagawiwa wengine walioomba. Jioni mweka hazina akabisha hodi kwetu, daftari mkononi, amekuja kuchukua hizo 3,000. Mama alinitazama tu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkutano mwingine ulikuwa baada ya wiki nne. Nilirudishwa nyumbani siku sita kwa ajili ya deni lile, na katika siku hizo wenzangu walifanya mtihani wa, amini usiamini, Kiingereza!

Nikiwa nyumbani nilikaa nikawaza, hadi nikapata maswali matatu ambayo sasa hujiuliza kila nikutanapo na maneno mawili yanayofanana.

Swali la kwanza: kitu kinatoka kwa nani kikienda kwa nani? "Lend" ni kutoa, "borrow" ni kuchukua. Kwa nini basi tunayachanganya, hata tukasikika darasani tukisema "borrow me your biro"? Naona sababu ni kitenzi chetu "kuazima". Twasema "Niazime kalamu yako", na pia twasema "Nimeazima kalamu ya Wanjiku". Kitenzi ni kile kile, na ni maneno yaliyokizunguka yanayotuonyesha nani anatoa na nani anapokea. Kiingereza hakikubali hivyo.

Lakini dawa tunayo papa hapa nyumbani. Tazama "kukopa" na "kukopesha". Anayekopa anachukua, anayekopesha anatoa. Kile kiambishi -esh- tulichofundishwa katika mnyambuliko wa vitenzi ndicho kinachogeuza mambo. Basi kumbuka: "borrow" ni kopa, "lend" ni kopesha. Jaribu kumwambia rafiki yako "nikope pesa" badala ya "nikopeshe pesa". Atakuuliza, "Ukope kwa nani?" Vivyo hivyo, "learn" ni jifunza, na "teach" ni funza. Ukisema "he learned me Mathematics" umemfanya mwalimu kuwa mwanafunzi.

Nisiseme Kiingereza ndicho hugawa na Kiswahili huunganisha siku zote. Wakati mwingine ni kinyume. "Rent" yaweza kuwa kupanga nyumba na pia kupangisha nyumba, ilhali kwetu mpangaji na mwenye nyumba kila mmoja ana kitenzi chake.

Swali la pili: neno hili hutembea na nani? Maneno ni kama watu, yana marafiki zao. Chukua "say" na "tell". Kwa Kiswahili huwezi kusema "Aliambia kwamba atakuja". Msikilizaji atangoja ataje aliyeambiwa: aliniambia, alimwambia, aliwaambia. Lakini "Alisema kwamba atakuja" imekamilika. Na ukisema "Alinisema", hapo umeingia katika mambo ya kusutwa na kusengenywa! Basi "tell" ni kama ambia, humtaka mtu karibu yake: "She told me that she would come." "Say" ni kama sema: "She said that she would come." Hivyo "she said me" na "she told that" ni makosa. Ila kuna vitu vichache ambavyo "tell" huvikubali bila kutaja mtu, kama vile hadithi, ukweli na uongo: "tell a story", "tell the truth", "tell lies". Hivyo ni vya kukariri.

Katika swali hili pia kuna "kusikia". Sisi husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu na husikia kengele. Mwingereza hugawanya: kengele ni "hear", harufu ni "smell", njaa na baridi ni "feel". Ukimwambia "I am hearing hunger" atadhani tumbo lako linapiga kelele.

Swali la tatu: neno limebeba sifa au lawama, na lina uzito gani? Mtu asiyetumia pesa ovyo twaweza kumwita mwekevu au bahili. Pesa ni zile zile, lakini neno la kwanza lamsifu, la pili lamtukana. Ndivyo walivyo "thrifty" na "stingy". "Famous" na "notorious" pia wote wanajulikana kila mahali, ila wa pili anajulikana kwa ubaya. Usiandike katika insha kwamba shule yetu ni "notorious" kwa matokeo mazuri! Tena, ukimwandikia mwalimu mkuu barua ya ruhusa, "ask" ni kuomba, "demand" ni kudai. Ukidai, usishangae ukinyimwa.

Kuhusu uzito, Kiingereza kina jozi nyingi kwa sababu ya historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakazungumza Kifaransa huku raia wakizungumza Kiingereza. Ndiyo sababu kuna "begin" na "buy" za wenyeji, na "commence" na "purchase" zilizotoka Kifaransa ambazo hadi leo zinavaa tai. Nasi tuna mfano wetu. "Kufa" ni neno la Kibantu, "kufariki" limetoka Kiarabu. Mzee amefariki, lakini ng'ombe amekufa. Hakuna aliyewahi kuniambia ng'ombe wake amefariki.

Nawaonya pia wenzangu wanaopenda kitabu kiitwacho "Thesaurus". Kile cha kwanza cha daktari Mwingereza Peter Mark Roget kilitoka mwaka 1852. Kazi yake ni kukuonyesha maneno ya ukoo mmoja, lakini hakikuelezi tofauti zao. Ukishachota neno humo, lipeleke kwenye kamusi yenye mifano ya sentensi, ulipitishe katika maswali yale matatu.

Mwezi uliofuata Mama alitaka niandike barua nyingine, na akasisitiza iwe ya Kizungu vile vile. Safari hii niliandika "borrow". Kabla hajatia sahihi nilimsomea barua yote, nikamfafanulia neno kwa neno. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hili ni la kuchukua au la kutoa?" Nikamjibu, "La kuchukua, Mama." Ndipo akatia sahihi. Mkopo ulipatikana, deni nikalilipa, nikarudi kwenye foleni ya githeri pamoja na wenzangu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mama hajui Kiingereza, lakini aliuliza swali ambalo mimi mwenye vitabu sikuwa nimeliuliza. Nanyi, kabla hamjaandika, ulizeni.